Koloni, Himaya, Udhamini: Lawama kwa Wafasiri wa Historia ya Utawala

Miongoni mwa karatasi tulizoletewa na mwalimu mmoja wa Kibondo lilikuwamo swali la jaribio lililosema: "Eleza jinsi koloni la Mwingereza lilivyoendeshwa katika nchi ya Buha katika karne ya 19." Mwanafunzi mmoja alijibu kwa sentensi mbili tu: kwamba Mwingereza hakuwapo Buha katika karne hiyo, na kwamba alipokuja baadaye nchi haikuwa koloni. Akapewa sifuri. Mwalimu aliyetuletea karatasi hiyo hakulitunga swali wala hakulisahihisha; alitaka tu kujua kama mwanafunzi ameonewa.

Ameonewa. Walakini hatuwezi kumtwika msahihishaji mzigo wote. Swali hilo lina sura ya maneno yaliyofasiriwa kutoka kitabu cha Kiingereza kilichozungumzia nchi nyingine kabisa, na mfasiri akaona kwamba palipo na Mwingereza na bendera yake hapana budi pawe na koloni. Sasa ambapo somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili, na ambapo sheria ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, uzembe wa namna hii hauishii tena katika daftari la mtoto.

Tuyataje mambo yalivyokuwa. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890 yaliiacha Buha upande wa Wajerumani, nao wakaweka kituo Ujiji mwaka 1896. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliitwaa Kigoma mwaka 1916, na Wabelgiji wakaishika nchi hiyo hadi 1921. Ndipo akaja Mwingereza. Tanganyika aliyokabidhiwa haikuwa mali yake: aliishika kwa udhamini, kwanza chini ya Shirikisho la Mataifa, kisha, tangu 1946, chini ya Umoja wa Mataifa. Tofauti hiyo haikuwa ya makaratasi tu. Ndiyo iliyompa Mwalimu Nyerere mlango wa kuingia mbele ya Baraza la Udhamini mjini New York mwezi Machi 1955 na kuisemea nchi yake. Makoloni hayakuwa na baraza kama hilo la kupelekea malalamiko. Mfasiri anayeandika "koloni la Tanganyika" anaufunga mlango huo kwa neno moja, kisha mwanafunzi anashangaa Nyerere alikwenda New York kutafuta nini.

Koloni lenyewe lilikuwa kitu mahsusi. Lagos ilipotwaliwa mwaka 1861 ilifanywa kuwa ardhi ya Malkia Victoria. Ikawa na Gavana na mabaraza yake, na aliyezaliwa humo alihesabiwa kuwa raia wa Malkia. Himaya ilikuwa jambo jingine. Unguja iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, lakini Sultani akabaki kitini na amri zikatoka kwa jina lake. Mwaka uliofuata Lloyd Mathews akafanywa Waziri wa Kwanza katika serikali ya huyo huyo Sultani. Gavana wa Kiingereza hapakuwapo. Aliyekuwapo ni balozi, yaani mwakilishi wa serikali ya nje, ingawa balozi huyu aliweza kuagiza manowari zilipige jumba la mfalme, kama ilivyotokea tarehe 27 Agosti 1896. (Vijana wanaolijua neno hili kwa balozi wa nyumba kumi watastaajabu kwamba liliwahi kubeba mizinga.) Bara vilevile: Himaya ya Afrika Mashariki ilipotangazwa mwaka 1895, mkuu wake, Arthur Hardinge, alikuwa Kamishna, wala hakuitwa Gavana. Kenya haikuitwa koloni mpaka 1920, na hata hapo ukanda wa pwani, uliokuwa wa Sultani, ulibaki himaya.

Je, tunapigania maneno matupu? La hasha. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1833 ilikomesha utumwa katika makoloni yake mengi. Lakini Unguja, kwa kuwa ilikuwa himaya, Waingereza walidai kuwa si ardhi yao, na mahakama zikaendelea kuitambua hali ya utumwa hadi 1897. Katika pwani ya Kenya iliendelea kutambuliwa hadi 1907. Watu walibaki watumwa kwa miaka kadhaa chini ya ulinzi wa Uingereza, na hoja iliyowabakiza ilisimama juu ya neno "himaya". Anayeliandika neno hilo kuwa "koloni" anaificha hoja hiyo, na pamoja nayo anaificha aibu ya walioitoa.

Twakiri kwamba Waingereza wenyewe hawakuiheshimu mipaka ya maneno yao. Afrika Mashariki ilikuwa bado himaya walipotunga, mwaka 1902, sheria iliyoihesabu ardhi kuwa ya Mfalme. Tanganyika hawakuthubutu kusema hivyo; Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliiita ardhi ya umma, ingawa mwenye kuigawa alikuwa Gavana. Kwa hiyo mfasiri wa nyaraka za ardhi ayatazame maandishi yaliyo mbele yake, asitegemee mazoea ya Nairobi.

Kuna tatizo la pili, nalo limezushwa na sisi wenyewe. Siku hizi magazeti na redio hulitumia neno "himaya" kwa maana ya milki kubwa yenye kutawala mataifa mengi: himaya ya Uingereza, himaya ya Warumi, hata himaya ya mfanyabiashara fulani. Maana ya asili ni ulinzi, hifadhi. Ikiwa himaya ni milki nzima na pia ni nchi moja iliyo chini ya ulinzi, basi sentensi isemayo "Unguja ilikuwa himaya" inaweza kusomwa kwa maana mbili zinazopingana. Sisi tunapendelea "himaya" libaki kwa nchi lindwa, na milki iitwe dola au milki. Hatudhani waandishi wa habari watatutii; wafasiri wa serikali na watunzi wa vitabu vya shule, wao hawana udhuru.

Tukirudi Buha, tunakutana na "utawala usio wa moja kwa moja". Hili ni fungu la maneno linaloeleza kitu kwa kukanusha kitu kingine, na msomaji haambiwi nani alitawala. Utaratibu huo, ambao Gavana Donald Cameron aliutilia nguvu kwa sheria ya mwaka 1926, ulikuwa utawala wa kupitia wakuu wa wenyeji, na hivyo ndivyo tungetaka uitwe. Tena katika nchi za Heru, Muhambwe na Buyungu wakuu hao walikuwa na majina. Aliyetawala ni mwami; chini yake walikuwapo watwale; na pembeni, tangu kabla ya koo za kifalme, walikuwapo wateko, waliohusika na ardhi na matambiko yake. Mjerumani aliwaita abami masultani, kana kwamba kila kilima kilikuwa Unguja ndogo. Mwingereza akaandika machifu na machifu wadogo. Mteko akakosa pa kuandikwa. Mfasiri wetu akija nyuma yao na kunakili "sultani" hapa na "chifu" pale, msomaji atadhani kuwa cheo kilibadilika, kumbe aliyebadilika ni karani.

Tumekuta pia mahali ambapo Mwami Theresa Ntare wa Heru ameitwa "malkia". Neno hilo kwetu humaanisha pia mke wa mfalme, naye hakuitawala Heru kwa ndoa. Mwami hana jinsia; aachwe alivyo.

Liko pia dogo linaloponza ofisini: "Jimbo la Magharibi" katika majalada ya Mwingereza, lililokuwa na makao yake Tabora, si jimbo la uchaguzi. Baada ya uhuru majimbo yaligawanywa kuwa mikoa, na neno likapewa kazi nyingine. Karani kijana asiyelijua hilo atautafuta mpaka wa Kibondo ya zamani katika orodha ya wabunge.

Mwalimu wa Kibondo tumemjibu kwa barua, tukamwomba aupeleke mtihani ule kwa aliyeutunga, mwanafunzi arudishiwe alama zake.