Kuona Si Picha Peke Yake: Nasaha kwa Wanaopanga Utafiti wa Fasihi Linganishi

Miongoni mwa mada zinazowavutia wanafunzi wa uzamili na uzamivu katika fasihi linganishi ni mada ya kuona: yaani jicho linafanya kazi gani ndani ya maandishi. Mada ni njema. Tunachokikosoa ni msingi mmoja unaopokewa bila kuhojiwa, kwamba maadamu Uislamu umekataza picha, basi fasihi ya Waislamu ni fasihi ya sikio tu, haina jicho.

Tuanze na nadharia yenyewe. Mwaka 1988 Hal Foster alihariri kitabu Vision and Visuality, kilichopambanua kuona kama kazi ya mwili na kuona kama jambo linalofinyangwa na jamii na historia. Upambanuzi huo una faida, wala hatuukatai. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya mifano ya nadharia hizi ni michoro, picha na filamu. Mwanafunzi akija nazo kwetu hutafuta picha, na asipoiona huhukumu kwamba hakuna kuona.

Hapa hutokea makosa mawili. La kwanza ni kuitanua hukumu ya fiqhi kupita mpaka wake. Imam an-Nawawi (r.a.), katika sherehe yake ya Sahih Muslim, ameharamisha kusawiri viumbe wenye roho, na akawarudi waliotofautisha chenye kivuli na kisicho na kivuli. Lakini maneno yake yanahusu kazi ya mkono wa msawiri. Hayamzuii mshairi kusimulia alichokiona.

Kosa la pili ni kinyume chake. Mwaka 634 Hijria (1237) Yahya al-Wasiti alinakili Maqamat za al-Hariri na kuzitia michoro ya watu; nuskha hiyo imehifadhiwa Paris. Mtu akaja akasema: basi wanazuoni walihalalisha. La! Kitendo cha mchoraji ni ushahidi wa historia, si dalili ya sheria. Mtafiti asiyetenganisha mambo haya mawili ataharibu fiqhi na historia kwa pamoja.

Tutoe mfano wa ulinganishi unaofaa. Al-Buhturi, aliyefariki mwaka 284 Hijria (897), alisimama mbele ya jumba la Kisra huko al-Madain, karibu na Baghdad, akalitungia kasida. Ukutani palikuwa na mchoro wa vita vya Antiokia baina ya Waajemi na Warumi. Anasimulia jinsi ulivyomtia shaka, akaupapasa kwa mkono ajue kama wale ni watu hai au la. Na kwetu Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, anayatazama majumba ya wakubwa wa Pate yaliyokwisha kuwa magofu: taa hazipo, na vidaka vilivyopangwa sahani sasa ni malalo ya makinda ya ndege.

Kwa al-Buhturi ipo picha, na jicho linadanganyika hadi mkono uje kulisahihisha. Katika Al-Inkishafi hakuna picha hata moja. Jicho linaona pengo la vilivyoondoka, na anayeambiwa atazame ni moyo wa mshairi mwenyewe. Nadharia ya picha itaukamata ushairi wa kwanza na kuupita wa pili. Ilhali Qur'ani Tukufu, katika Surat al-Hajj aya ya 45 na 46, baada ya kutaja miji iliyoangamizwa, kisima kilichoachwa na kasri lililo imara, inatufundisha kuwa upofu hasa si wa macho bali ni wa nyoyo zilizomo vifuani. Huo ni mlango kamili wa kuufahamu utenzi wa Pate, na mtafiti anayeuacha amejinyima ufunguo.

Kwa hiyo, ndugu mwanafunzi, kabla ya kuandika pendekezo lako chagua matini mbili unazoweza kuzisoma kwa lugha zake. Chapa ya Hichens ya Al-Inkishafi ya mwaka 1939 haikutoshi. Jifunze hati ya Kiarabu uzifikie nuskha. Kisha uliza: nani anatazama, anatazama nini, na anatakiwa afanye nini baada ya kuona? Majibu yakipatikana, ndipo uiite nadharia ije kuhudumu. Ikitangulia yenyewe, utaona ilichokuchagulia tu.

Wallahu a'lam.