Mashahidi 500, Jina Moja

Julai 2019, picha za mwanamume Mzungu mwenye nywele ndefu, ndevu na kanzu nyeupe zilisambaa kutoka Kiserian, Kaunti ya Kajiado. Walioziweka mitandaoni walidai kuna mchungaji Mkenya aliyempata Yesu na kumleta kwa waumini. Waliofuatilia wakakuta ni Michael Job, mhubiri na mwigizaji Mmarekani aliyewahi kuigiza Yesu katika bustani ya maonyesho ya Holy Land Experience, Orlando. Alikuwa mgeni mwalikwa. Picha zilikuwa za kweli. Uongo ulikuwa kwenye maelezo yaliyoambatana nazo.

Nani alisema kwanza? Alikuwepo? Alisema lini? Maswali hayohayo yanafaa kupimia ufufuo wa Yesu, nguzo ya hoja nzima ya Kikristo, na Mkristo wa Kenya anayo maswali hayo tayari katika sheria za nchi yake. Kifungu cha 63 cha Sheria ya Ushahidi kinadai ushahidi wa mdomo utoke kwa aliyeona au kusikia mwenyewe. Bila shaka mahakama ya Kajiado haiwezi kumwita Petro. Hata hivyo, kipimo kinabaki kizuri.

Maandishi ya mapema zaidi tuliyonayo kuhusu waliotokewa ni sura ya 15 ya Wakorintho wa Kwanza, ya mwaka 54 au 55 hivi, miaka ishirini na ushei baada ya msalaba. Paulo anamtaja Kefa (yaani Petro), kisha ndugu zaidi ya 500 kwa mpigo, halafu Yakobo, nduguye Yesu. Mimbarini hiyo 500 hutajwa kwa kishindo. Mpelelezi huandika shahidi mmoja tu: Paulo. Hao 500 hawana majina wala mahali, na hakuna hata mmoja aliyeacha maelezo yake.

Wakosoaji wengi huishia hapo, nao huishia mapema mno. Katika Wagalatia, Paulo anaeleza kwamba alikaa na Kefa siku 15 na kumwona Yakobo, miaka michache tu baada ya kuongoka. Kwa hiyo alikutana ana kwa ana na watu anaowataja. Tena alikuwa amewatesa Wakristo; hakuwa na sababu ya kuwapendelea. Huu ndio ushahidi mzito kuliko wote, kwa sababu unaonyesha kwamba imani hiyo ilikuwepo tangu mwanzo kabisa.

Kaburi tupu ni jambo jingine. Paulo hawataji wanawake waliolikuta, ilhali Injili zote nne zinamtaja Maria Magdalene. Marko ana wanawake watatu, Mathayo wawili. Tofauti hiyo ni ndogo. Maelezo yanayolingana neno kwa neno ndiyo humtia mpelelezi shaka. Lililo gumu ni kwamba Mathayo anawapeleka wanafunzi Galilaya, Luka anawabakiza Yerusalemu.

Lee Strobel, aliyekuwa mwanahabari wa masuala ya sheria wa Chicago Tribune, alijenga kesi yake katika kitabu The Case for Christ, 1998. Kinasomeka vizuri, lakini aliwahoji wasomi wanaoitetea imani pekee. Kikundi cha Biblia kinachokisoma kimsome pia Bart Ehrman, msomi wa Agano Jipya asiyeamini ufufuo. Ehrman anakubali kwamba Yesu aliishi, alisulubiwa chini ya Pilato, na kwamba baadhi ya wanafunzi waliamini kwa dhati wamemwona tena. Anachobishana na Strobel ni kilichowafanya waamini hivyo.