Mafuta ya shea huharibika kabla ya kufika jikoni

Mafuta ya shea yakikereketa kooni, lawama humwangukia mama aliyeyachemsha. Naona anaonewa. Mara nyingi mafuta hayo yalishaharibika chini ya mti.

West Nile, kaskazini mwa Uganda, kuanzia Dadamu na Arua hadi Koboko, imo katika ukanda wa mishea ya aina ya nilotica. Mafuta yake yana asidi ya oleiki nyingi na steariki kidogo kuliko yale ya Afrika Magharibi, ndiyo maana huwa laini na huyeyuka joto la mchana likipanda. Mnunuzi anayedhani yamechakachuliwa kwa kuwa hayakuganda kama ya Ghana amekosea.

Matunda huokotwa yakishaanguka, msimu wa mvua. Nyama yake tamu huliwa, kokwa hubaki. Hapo ndipo pa kuangalia. Kokwa mbichi zikirundikwa siku kadhaa huanza kuchipua, na vimeng'enya vilivyomo ndani ya kiini huyavunja mafuta na kuachia asidi huru. Asidi hiyo ikishazaliwa, hakuna moto wa jikoni utakaoiondoa. Dawa yake ni kuzichemsha kokwa upesi, kuzianika juani mpaka kiini kicheze ndani ya ganda, kisha kuvunja na kutupa kila kiini cheusi au chenye ukungu. Kutupa kunauma, maana karibu nusu ya uzito wa kiini kikavu ni mafuta, lakini viini vichache vibovu huharibu chungu kizima.

Kukaanga kunataka moto mdogo na chombo kinachozuia moshi usiguse viini. Moshi huacha harufu, na pia kemikali zisizofaa kuliwa. Viini husagwa vikawa rojo, rojo hutiwa maji ya moto na kuchemshwa, mafuta yakaelea na kuenguliwa. Kwingine, kama Ghana na Burkina Faso, rojo hukandwa kwa maji mpaka litoe povu jeupe.

Kusafisha nyumbani ni kuyarudisha mafuta yaliyoenguliwa kwenye moto wa taratibu. Sikiliza: yakiendelea kutatarika, maji bado yamo. Mlio ukikoma, epua, acha mashapo yatulie, chuja kwa kitambaa safi cha pamba, mimina kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, weka gizani. Tone la maji likibaki, yatachacha. Kiwandani huondoa rangi kwa udongo maalumu na harufu kwa mvuke, lakini sehemu ya vitamini E hupotea humo humo.

Lakini bila mti hakuna mafuta. Mshea huchukua miaka 15 hadi 20 kuzaa, na mkata mkaa huumaliza kwa siku moja. Amri ya Rais namba 3 ya mwaka 2023 ilipiga marufuku mkaa wa biashara kaskazini mwa Uganda, lakini mti utalindwa vizuri zaidi kokwa zake zikimpa mwenye shamba fedha ya maana. Basi wewe unayenunua sokoni Arua, muulize muuzaji kokwa zilichemshwa lini na kuanikwa vipi. Akikujibu vizuri, usimpunguzie bei.