Fanani, Meza na Msomaji: Riwaya ya Ajabu katika Mitaa ya Eastlands

Imezoeleka miongoni mwa wahakiki wetu kusemwa kwamba riwaya ya ajabu ya Kiswahili, ile ambayo baadhi yetu huiita ya kifantasia, ni mgeni aliyetufikia kutoka Amerika ya Kusini au Ulaya, akiwa amevaa joho la nadharia. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dai hilo lina upungufu, na kwamba upungufu huo haukomei darasani. Unamdhuru pia mwandishi anayekichapisha kitabu chake kwa fedha zake mwenyewe, akakitia mkobani na kwenda nacho kuwatafuta wasomaji. Mwandishi wa namna hiyo nitamtaja hapa, nami nina deni kwake.

Tuanze na Walenisi ya Katama Mkangi (1995). Dzombo amehukumiwa kifo, akatiwa katika chombo cha angani ili aangamie, naye akafika katika nchi ya haki ambayo jina lake, ukilikata vipande, linasema "wale ni sisi". Msomaji aliyelelewa na riwaya za Kiingereza ataona sayari na roketi. Msomaji wa Shaaban Robert ataona Kusadikika (1951): nchi inayoelea hewani, na Karama aliyesimama mbele ya baraza kwa kosa la kutaka kufundisha uanasheria. Mshtakiwa ni yule yule na baraza ni lile lile, ila Karama anaokolewa na maneno, Dzombo anaokolewa na safari. Yafaa tukumbuke pia kwamba Mkangi mwenyewe aliwekwa kizuizini mwaka 1986 bila kufikishwa mahakamani. Baraza lisilotenda haki halikuwa kwake pambo la kuazima.

Katika Bina-Adamu! ya K. W. Wamitila (2002) mambo yanazidi kuwa bayana. Shujaa anazunguka dunia akitafuta chanzo cha balaa lililokikumba kijiji chake, akiongozwa na Hanna, ambaye kwa sehemu kubwa ni sauti tu. Wengi wamekwisha kueleza usasabaadaye wa kazi hii. Wachache wametaja kwamba mifupa yake ni ya ngano: kijana aondokaye kwao, mwelekezi wa ajabu njiani, mitihani mmoja baada ya mwingine. Hata Peter Pan, mtoto asiyekua aliyepanda jukwaani London mwaka 1904 katika tamthilia ya J. M. Barrie, anaingizwa humu akageuzwa kuwa kielelezo cha ubeberu. Sioni uigaji hapo. Naona mateka aliyekamatwa na kufanyishwa kazi.

Kwa nini basi hatukuliona hilo mapema? Nitajisemea mwenyewe. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamili nilifundishwa Tzvetan Todorov, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1970 alishikilia kwamba uajabu wa kifasihi hukaa katika kusita: msomaji hajui kama tukio linaelezeka kwa kanuni za maumbile au la. Nadharia hiyo ni nzuri kwa hadithi za Ulaya za karne ya 19. Lakini fanani wetu husema "Paukwa!" na hadhira ikajibu "Pakawa!", na kwa neno hilo moja mapatano yamefungwa. Hakuna anayesita. Kinachosubiriwa ni kama fanani ataitendea haki ajabu yake.

Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa mtaa wa Jericho aliniletea mswada. Ni habari ya garimoshi linalopita stesheni ya Makadara usiku wa manane, likiwarudisha nyumbani watu wa Muoroto, makazi yaliyobomolewa na askari wa jiji mwezi Mei 1990. Abiria wanapanda bila mshangao wowote, wakiuliza nauli tu. Nilimwandikia kwamba kazi ina kasoro kwa kuwa msomaji hapewi nafasi ya kusita. Alinishukuru kwa adabu, akaenda akaichapisha vile vile. Leo nasema kwamba alikuwa na haki, nami nilikuwa nimempima kwa kibaba kisicho chake.

Nilipomwuliza walimu wake wa kisanaa ni akina nani, sikusikia jina hata moja la silabasi yetu. Alimtaja bibi yake. Alitaja Akokhan, hadithi ya picha ya Frank Odoi, Mghana aliyefanya kazi Nairobi hadi alipofariki katika ajali ya barabarani mwaka 2012. Kijana huyu aliisoma katika magazeti ya zamani yaliyofungiwa bidhaa dukani. Zaidi ya yote alitaja mabanda ya video na DJ Afro, yule msimulizi anayezifuatisha filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mitaani na Sheng, akiwapa wahusika majina mapya, akiwakemea na kuwatania. Wenzangu watacheka. Hata hivyo huyo ni fanani kamili: anayo hadhira, ana miundo ya kurudiarudia, na hakioni kisa cha kigeni kuwa kitakatifu. Alichofanyiwa Peter Pan na Wamitila hufanyika kila siku katika banda la mabati, kwa kiingilio cha shilingi chache.

Kujichapisha nako si jambo jipya Nairobi. David Maillu alianzisha Comb Books mwaka 1972, akawauzia makarani na makatibu mahtasi vitabu vidogo vya bei nafuu, na katika Kadosa (1975) alijaribu riwaya ya mwanamke wa ajabu. Wenye vyeo vya kitaaluma walimdharau, na Tanzania ikavipiga marufuku vitabu vyake mwaka 1976. Wasomaji wakaendelea kununua. Tofauti ya siku hizi ni mahali pa kukutania. Nairobi ina makongamano ya mashabiki wa vibonzo na hadithi za ajabu, NAICCON likiwa mojawapo, ambako mwandishi hukodi meza, akapanga nakala zake, na vijana huja wamejivika mavazi ya wahusika wawapendao.

Kwa nilivyoshuhudia, hakuna aliyewahi kuja akiwa Dzombo. Jambo hili linastahili uchunguzi kuliko mzaha. Riwaya zetu za ajabu zina fikra nzito na miili miepesi. Dzombo tunayajua mawazo yake kuliko nguo zake. Hanna ni sauti, na sauti haishoneki. Tulirithi istiari kutoka Kusadikika, tukasahau kwamba bibi wa ngano hakosi kutuambia zimwi lina vichwa vingapi na linanuka nini.

Kijana wa Jericho hakusahau. Mkata tiketi wake huvaa koti la reli ambalo vifungo vyake ni funguo za nyumba zilizobomolewa. Alipokuwa akijiandaa kwa kongamano, alinunua koti kuukuu Gikomba na dada yake akashona funguo halisi juu yake. Mabango alikuwa ameyaandika kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha inayosikika zaidi mezani huko, ingawa kitabu chenyewe ni cha Kiswahili. Tulibishana juu ya hilo jioni nzima. Alitaka pia kusoma ukurasa wa kwanza, wenye maelezo mengi. Nikamshauri asome mahali ambapo mkata tiketi anaita namba za nyumba moja moja na abiria wanaitikia, kwani hapo hadhira itaitikia nayo. Tulifanya majaribio katika maktaba ya Kaloleni, iliyofunguliwa upya baada ya ukarabati wa Book Bunk. Kufikia namba ya tatu watoto waliokuwa wakifanya kazi za shule walikuwa wanaitika.

Sisemi kwamba kazi haina dosari. Sura za katikati zimejaa Sheng ya mwaka mmoja, ambayo hata vijana wa Umoja waliniomba niwafasirie, na mwisho wake umeharakishwa. Nakala alichapisha 200. Moja niliikabidhi kwa maktaba ya idara yetu mwanzoni mwa muhula uliopita. Juzi nimeikuta ingali katika sanduku la vitabu vinavyosubiri kupewa namba.