Swali la Najee

Methali zetu nyingi za baharini ziko upande wa nahodha. Iliyo maarufu kuliko zote husema manahodha wengi, chombo huenda mrama, na mara nyingi hutolewa kikaoni pale mtu wa chini anapouliza habari za fedha. Methali hiyo haisemi lolote kuhusu nahodha mmoja anayekipeleka chombo mwambani huku baharia aliyezoea maji akimtazama. Nimeikumbuka kila nilipoirudia filamu ya Captain Phillips, iliyoongozwa na Paul Greengrass na kutoka mwaka 2013. Siirudii kwa ajili ya manahodha wake wawili. Nairudia kwa ajili ya mtu anayekaa nyuma ya mmoja wao akinung'unika.

Kisa chenyewe kinajulikana. Aprili 8, 2009, Wasomali wanne waliiteka Maersk Alabama, meli ya mizigo yenye bendera ya Marekani na mabaharia 20, ikiwa njiani kuelekea Mombasa na shehena ya chakula cha msaada. Mabaharia wengi walijificha sehemu ya injini, mpango wa watekaji ukavurugika, na hatimaye wakaondoka na nahodha Richard Phillips ndani ya boti la kuokolea. Siku nne baadaye wadunguaji wa jeshi la majini la Marekani waliwaua watatu kati yao. Wa nne, Abduwali Muse, wakati huo alikuwa ndani ya manowari. Mwaka 2011 mahakama ya New York ilimhukumu kifungo cha miaka 33 na miezi 9.

Filamu inakipanga kisa hiki kama mashindano ya manahodha. Tom Hanks ni Phillips. Barkhad Abdi, aliyeshinda tuzo ya BAFTA kwa uigizaji huu, ni Muse, kijana mwembamba anayemwambia Phillips kwamba kuanzia sasa nahodha ni yeye. Wahakiki waliusifu uwiano huo, na kweli unastahili sifa: filamu chache za Hollywood zimewahi kumpa haramia wa Kisomali uso, uchovu na hesabu za maisha. Lakini uwiano wa manahodha wawili una gharama yake, na anayeilipa ni Najee.

Najee, anayeigizwa na Faysal Ahmed, ndiye mkubwa wa umbo katika kundi la Muse, na hamwamini kiongozi wake. Tangu mambo yanapoanza kwenda kombo anahoji, anabisha, anataka kujua mpango ni upi. Ndani ya boti, joto likiwa limewazidi na manowari zikiwa zimewazunguka, hoja zake zinageuka kelele, kisha kipigo kwa mateka. Kamera inamsogelea pale tu jasho linapomtoka. Filamu haimwonyeshi nyumbani kwake, haituambii anamdai nani wala anadaiwa na nani. Kwa hiyo tunapomwona akimshuku nahodha, tunadhani ni tabia yake. Shaka inakuwa ugonjwa wa mtu mwenye hasira.

Sisi tuliolelewa na vibanda umiza tunaifahamu sarufi hii. Ifakara, kama miji mingi ya nchi yetu, ilijifunzia filamu kwenye mabenchi ya mbao, dirisha limezibwa kwa pazia zito na sauti ya mtafsiri ikipanda juu ya sauti ya mwigizaji. Mule ndani kulikuwa na steringi na kulikuwa na adui. Steringi hafi. Adui ana wafuasi, na wafuasi hufa bila mtu kuuliza majina yao. Kwa Muse, Greengrass aliiacha sarufi hiyo. Kwa Najee amekaa nasi benchini.

Ushahidi wangu ni tukio moja fupi. Ndani ya boti, Muse anajigamba kwamba mwaka uliopita aliteka meli ya Wagiriki iliyoleta dola milioni sita. Phillips anamuuliza: kama ni hivyo, hapa unafanya nini? Muse hana jibu. Anamwamuru anyamaze. Kwa maoni yangu hilo ndilo swali bora la filamu nzima, na limewekwa kwenye kinywa kisicho chake. Mmarekani aliyefungwa kamba hana maslahi yoyote katika mgawo wa fedha za Wagiriki. Najee, aliyekaa hatua chache kutoka pale, anayo. Yeye ndiye aliyeingia baharini kwa ahadi ya nahodha huyu. Kama nahodha wa dola milioni sita bado anapanda meli kwa ngazi ya kuning'inia, baharia wake atapata nini?

Swali hilo lina majibu nje ya filamu. Mwaka huohuo wa 2013, Benki ya Dunia, Interpol na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu zilitoa ripoti kuhusu njia za fedha za uharamia wa Kisomali. Ilikadiria kwamba kati ya 2005 na 2012 zililipwa fidia za dola milioni 339 hadi 413. Wafadhili walichukua asilimia 30 hadi 50 ya kila fidia. Maharamia wa chini kwa kawaida walipata kati ya dola 30,000 na 75,000 kwa meli, na mirungi waliyoitafuna kwa mkopo, kwa bei ya juu, ilikatwa humohumo. Sasa kumbuka kwamba Phillips aliwapa dola 30,000 zilizokuwa kwenye sefu ya meli, na Muse akaziona ni kidogo mno. Mbele ya takwimu hizi, anayemshuku Muse hana kichaa. Huenda ndiye pekee botini anayepiga hesabu ya mgawo wake mwenyewe na si ya bosi.

Tunaotoka bonde la Kilombero hatuhitaji bahari ili kuelewa hesabu hiyo. Kwenye kambi za uvuvi kando ya mto, mwenye nyavu na mtumbwi huitwa tajiri, na mara nyingi tajiri hashiki pondo. Perege na kambale wakiuzwa, gharama hutoka kwanza, kisha kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Mvuvi mkongwe anaijua hesabu hiyo kama anavyokijua kina cha maji kwa ncha ya pondo lake. Vilevile kabla ya daraja la mita 384 kuzinduliwa mwaka 2018, kuvuka kati ya Kilombero na Ulanga kulikuwa ni kuyaweka maisha mikononi mwa mtu mwingine; kivuko cha MV Kilombero II kilizama Januari 2016 kikiwa na abiria na magari. Mahali kama hapo, mzee anapotazama maji na kusita, wenzake hawasemi ana hasira. Wananyamaza wamsikilize. Shaka ya mzoefu ni sehemu ya ujuzi wake.

Cha kushangaza, filamu yenyewe inalijua jambo hili, ila upande wa pili. Ndani ya Maersk Alabama, baada ya maharamia kukosa mara ya kwanza, baharia mkongwe mwanachama wa chama cha wafanyakazi anasimama mbele ya Phillips na kusema kwamba halipwi ili apigane na maharamia. Phillips anamjibu kwa ukali: asiyetaka aje asaini, atapandishwa ndege wakifika Mombasa. Tukio linapita haraka, na nahodha anatoka mshindi. Nje ya filamu halikupita. Baadhi ya mabaharia wa meli hiyo waliwafungulia kesi wamiliki, wakidai kwamba nahodha alipuuza maonyo ya kukaa mbali na pwani ya Somalia. Hayo ni madai tu, lakini mtazamaji anastahili kujua kwamba filamu imetokana na kitabu cha Phillips mwenyewe, kilichotoka mwaka 2010. Kumbukumbu ni ya nahodha. Mabaharia wa pande zote mbili wamo humo kama watu wa kutulizwa.

Bahari ya Hindi imewahi kuona hili zamani. Mwaka 1697 meli ya William Kidd ilitia nanga Komoro, ambako magonjwa yaliwaua mabaharia wake wengi. Mkataba wao ulikuwa wa bila nyara hakuna malipo, na nyara hazikuonekana. Oktoba 30 mpiga mizinga wake, William Moore, aligombana naye. Kidd akampiga kichwani kwa ndoo yenye pete za chuma, na Moore akafa siku iliyofuata. Mwaka 1701 Kidd alinyongwa London kwa uharamia na kwa kumuua Moore. Manung'uniko ya Moore yametufikia kwa sababu tu mahakama iliuhitaji mwili wake ili kumhukumu nahodha.

Mtetezi wa Greengrass atasema filamu ya mtafaruku haiwezi kusimama ili kila mtu atoe wasifu wake. Sidai wasifu. Nadai swali moja lihame kinywa. Najee angeuliza, kwa Kisomali, zile milioni sita ziko wapi, na Muse angenyamaza vilevile. Tungeuona unyonge wa nahodha mbele ya watu wake, si mbele ya Mmarekani peke yake. Na pale Muse anapopanda manowari akiamini wazee wa ukoo wako njiani kuja kujadiliana, ahadi iliyokuwa mtego, tungejua aliyebaki nyuma ni mtu mwenye sababu za kushuku. Faysal Ahmed alikuwa na uwezo wa kuubeba mzigo huo. Katika dakika za mwisho macho yake yanapiga hesabu ambayo hati ya filamu haikumwandikia. Kisha risasi tatu zinalia, na kamera inamgeukia nahodha.