Bunduki Moja, Kazi Tatu: Hesabu ya Polisi wa Akiba Garissa

Anayetaka bunduki yake ya kwanza huuliza kama itafaa mazoezi, mawindo na ulinzi wa nyumba. Garissa swali hilo hupoteza theluthi moja mapema. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na anayemlenga swala hirola huko Ijara anajitafutia kesi, si kitoweo. Raia mwenye leseni naye haruhusiwi silaha inayofyatua mfululizo. Kijijini, mwenye bunduki kihalali mara nyingi ni polisi wa akiba, ambaye wengine bado humwita homgadi. Ni mtu wa kujitolea, anatambuliwa na Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011, na bunduki yake huchaguliwa na serikali.

Kwa miaka mingi walinzi hawa wa kaskazini wamepewa Mark Four za Waingereza au G3 zenye asili ya Ujerumani. Mshambuliaji, kwa kawaida, huja na AK. Mark Four hubeba risasi 10, na kila ukifyatua lazima uvute mpini kwa mkono. G3 hubeba 20 na hujipakia yenyewe. AK hubeba 30.

Tofauti kubwa, hata hivyo, imo ndani ya risasi. Ya G3 hutoka na nguvu ya takriban joule 3,300, ya AK kama 2,000. Kwenye mbuga tambarare, mita 400 kutoka kisimani, risasi ya AK imekwisha kushuka sana, na mwenye G3 anayejua kulenga bado ana nafasi nzuri. Gharama yake ni mgongo. G3 tupu ina kilo 4.4, na risasi zake mia ni kilo 2.4 hivi dhidi ya 1.7 za AK. Mlinzi huyu anafuata ngamia kutwa nzima, na maji yake pia anayabeba mwenyewe.

Usiku hesabu inageuka. Kibanda cha miti na mikeka, hata ukuta wa mabati, hakizuii risasi ya G3. Inapita na kuendelea hadi kwa jirani. Kwa ulinzi wa nyumba zilizosongamana, sifa yake ya mchana ndiyo hatari yake.

Kwa nini basi G3? Naona sababu kubwa ni ghala. Kiwanda cha Eldoret hutengeneza risasi zake, kwa hiyo serikali haimtegemei muuzaji wa nje. AK nyingi za eneo hili zilimiminika kutoka Somalia baada ya dola kuanguka 1991. Lakini risasi za nyumbani nazo huvuja: utafiti wa Small Arms Survey wa 2008 huko Turkana Kaskazini ulikuta sehemu kubwa ya risasi haramu imetoka kwa polisi wenyewe.

Hapo ndipo Mark Four, inayochekwa na vijana, inastahili heshima kidogo. Mwizi mwenye AK au G3 hana haja na risasi za Mark Four, na mwendo wa polepole wa bunduki hiyo humlazimu mlinzi alenge. Mbele ya genge la watu kumi, bila shaka, nisingeitaka. Ningempa mlinzi wa visima na wa hifadhi G3, na kabla ya hapo risasi za kutosha za kulengea shabaha, kwa sababu bunduki hiyo hupiga bega kwa nguvu na asiyeizoea hufumba macho akifyatua.