Tamathali za Al-Inkishafi na Namna ya Kuzifundisha

Katika madarasa mengi tamathali za semi hufundishwa kama orodha ya majina. Mwanafunzi huambiwa: ukiona "kama", hiyo ni tashbihi, usipoiona, ni istiara. Basi huchora mstari chini ya neno, huandika jina pembeni, hupata alama zake, na shairi lenyewe hubaki halijasomwa.

Na tulitazame Al-Inkishafi, shairi la Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, alilolichapisha William Hichens mwaka 1939. Mtungaji auonya moyo wake usihadaike na dunia, na miongoni mwa mifano yake imo hii minne: bahari iliyochafuka yenye miamba, kisima kilindwacho na ng'ombe apigaye pembe kila ajaye kunywa, vumbi lionekanalo katika mwali wa jua, na mazigazi.

Kwa kanuni ile ya darasani, bahari itatengwa na kisima, kwa kuwa kisima kimetanguliwa na "kama" na bahari haikutanguliwa. Lakini mifano hiyo miwili ni ndugu. Katika yote miwili maji yapo kweli, ila ayaendeaye hudhurika. Vumbi na mazigazi ni jambo jingine. Aliyekaa katika nyumba ya mawe ya pwani, yenye kuta nene na matundu madogo, alilijua vumbi hilo: jua lapenya, chembe zametameta kana kwamba zaweza kuokotwa, ukifumba mkono, hamna kitu. Mwenye kiu naye huyakimbilia mazigazi, akakuta joto tupu. Hapo mtungaji hasemi tena kwamba dunia yadhuru, asema haishikiki. Hatua hiyo, kutoka hatari hata utupu, ndiyo nguvu ya sehemu ile, wala neno tashbihi halitamwonyesha mtoto.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Shairi lifikapo kwenye majumba ya Pate yaliyobomoka, ambamo vidaka vya sahani za kaure sasa vimelaliwa na makinda ya ndege, mwanafunzi aliyezoezwa kuwinda tamathali huuliza: ndege ni istiara ya nini? Si istiara ya kitu. Ni ndege. Mtungaji ameweka mifano kando, avitaja vitu kwa majina yao. Wahubiri wapendao kuyatwaa majumba hayo kuwa mfano wa ubatili wana haki, lakini wasiyapambe, hayataki pambo.

Juu ya vina sina mengi. Mshororo wa nne wa kila ubeti waishia kwa sauti ile ile, naye asomaye kwa sauti ataisikia pasipo kufundishwa.

Mwalimu na aulize kwanza: mtu wa Pate aliliona wapi jambo hili, na aliponyosha mkono alipata nini? Jina la tamathali lije baadaye, siku ya pili kama yafaa.